Chupa Zilizorudi

Karibuni. Jipangeni hapa ukumbini.
Mna vumbi la njia mbili,
jekundu la Voi, jeusi la hapa Njoro.
Mlitoka mia mbili na arobaini.
Nimehesabu mara tatu, mara ya tatu kwa kidole:
mia moja sabini na moja.

Niambieni, mlikaa rafu ya ngapi?
Mimi Nairobi sijafika.
Niliwatanguliza ninyi
kama mtu anavyotuma salamu
kabla hajanunua nguo za safari.

Mnakumbuka Holili? Siku tatu juani
ndani ya Fuso la Kiwelu, turubai limekazwa,
nami dirishani naulizwa, "Mama, cheti cha asili?"
Asili! Nikamwonyesha kucha zangu,
zimeshika wekundu wa pilipili tangu mwaka juzi.
Akacheka, mtoto wa watu, hana ubaya.
Akasema mfumo hausomi kucha.
Nikarudi Moshi. Mhuri ulikuwepo mezani,
mwenye mhuri yuko semina.

Upande wa pili wakawapima.
Lebo inasema gramu mia mbili na hamsini,
mizani yao inasema mia mbili arobaini na sita.
Gramu nne!
Ninajua zilikokwenda:
Anaeli, mwanangu, wakati wa kufunga vifuniko,
kidole chake hupita mdomo wa kila chupa
na mimi hujifanya sioni.
Faini ya kidole kile
ni ada ya shule ya muhula mmoja.

Halafu shilingi.
Yetu shilingi, yao shilingi,
kama kina Maria wawili wa darasa moja,
mmoja anakuja na viatu.
Nilipanga bei Jumatatu,
nikalipwa…
nimesema nikalipwa?
Nikaahidiwa, baada ya siku tisini,
toa ada ya rafu, maana wanakodisha rafu
kama vyumba vya Pasua, kodi mbele.
Lyaruu wa pilipili hangoji siku tisini.
Muuza chupa wa Arusha
hataki kufungua geti kabla simu yake haijalia.

Na yule wa manunuzi, sauti laini kama losheni:
"Madam, jina la bidhaa ni refu.
Wateja wetu hawalitamki."
Ndeshimuni. Jina la bibi yangu,
aliyekanyaga njia ya sokoni na mkungu kichwani
na hakuna aliyemwomba aupunguze.
Nikamjibu: wataungua ulimi kwanza,
kisha watalitamka wenyewe.
(Hilo nililisema nilipokwisha kata simu.
Kwenye simu nilisema, "Sawa, tutaangalia.")

Basi mmerudi, lebo zimepauka upande mmoja,
upande uliotazama dirisha.
Angalau mliona barabara.
Karatasi iliyokuja nanyi inasema
thelathini na tatu ziliuzwa,
kumi na mbili zilivunjika,
fedha itafuata baada ya makato.
Nimejumlisha. Nimetoa.
Ishirini na nne hazipo popote.

Nikampigia Kiwelu, nimeshaandaa matusi.
"Ah," akasema, "nilisahau, dada.
Zile katoni mbili nilimwachia Wakesho pale Taveta,
siku ya gulio, gari lilikuwa zito mlimani.
Anauza maharage. Nikampa namba yako."

Nikafungua ujumbe wa simu, wa wiki ya saba,
niliodhani ni wa matapeli:
fedha kamili, chupa ishirini na nne,
na chini yake maneno machache:
*Mama Ndeshimuni, watu wanaulizia. Leta zingine.
Hata zikipungua kidogo.*

Nimekaa juu ya kreti.
Nimelisoma jina la bibi
lilivyoandikwa na mtu nisiyemjua,
bila kosa, herufi zote.

Nairobi bado ipo. Deni la benki nalo lipo,
wala Taveta haiwezi kulimeza lote.
Mzani mpya nitaununua, nimekubali.
Lakini Jumamosi hii ni katoni tano,
na nitapanda gari mwenyewe, mbele, karibu na dereva.

Anaeli! Lete kitambaa tuzipanguse.
Na hicho kidole,
kitoe mdomoni kwanza.