Mwandishi wa Nne

Umu, M. T.
Hivyo ndivyo walivyoniandika.
Mwanatumu, jina zima, limekatwa katikati
kama mkate wa mofa wa kugawana,
na mimi ni mwandishi wa nne
wa makala ambayo sikupata kuiona.

Nimeisoma leo, simuni, nje ya maabara,
punda wa watu akinitafunia kona ya faili.
Wanawake mia mbili na kumi na wanne, yasema,
wenye kifafa cha mimba, Lamu na visiwa vyake,
walipewa nusu ya dozi
na hakuna aliyekufa.

Dakta Famau, daftari ni langu.
Mimi ndiye niliyelipiga mistari kwa rula ya mwanangu,
kalamu ya buluu kwa walioingia,
nyekundu kwa waliotutoka.
Ni arubaini na mmoja.
Nimewahesabu kwa kidole, nikarudia kwa kikokotoo,
nikamwita Shekuwe wa stoo ahesabu yeye,
bila kumwambia nakusudia nini:
arubaini na mmoja.
Nyekundu ni wawili.
Mstari wa kumi na saba ni Riziki wa Ndau.
Boti ilimfikisha alfajiri, mafuta yamekopwa,
kiatu kimoja mguuni.
Yeye hakupewa nusu. Alipewa kamili, na tulikuwa tumechelewa.
Mahali pake kwenye makala pana asilimia sifuri.

Jarida lenyewe lina jina refu kuliko kichochoro chetu:
la Dunia, la Kimataifa, la Juu, la Tiba na Sayansi Zote.
Ilipelekwa Jumanne. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, ikakubaliwa.
Wakaguzi wawili wasio na majina wakaandika:
"Kazi tukufu. Ongezeni nukta mwishoni mwa ukurasa wa tatu."
Nukta ikaongezwa.
Dola mia tatu na hamsini zikaenda.

Nilimkuta chumba cha dawa, chai imempoa mkononi.
Hakukana.
"Cheo kinadai makala tatu, Mwanatumu.
Miaka tisa nakesha zamu hapa peke yangu,
nani aliwahi kuniuliza nimeona nini?
Na wewe nimekuheshimu, nimekutia jina.
Jarida lile, hata hivyo, nani atalisoma?"

Nani atalisoma.
Jana imeingia barua pepe, kwa Umu, M. T.:
mkunga mwanafunzi, wa mahali nisipopajua,
anauliza kwa adabu
nusu hiyo ya dozi huchomwa upande mmoja
au pande zote mbili.

Nimewaandikia wenye jarida: ondoeni jina langu.
Jibu halikumaliza dakika nne.
Mheshimiwa Profesa Umu, kujiondoa ni dola mia mbili,
na je, ungependa kuwa mhariri wetu wa uvuvi?
Nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikaniuma,
kisha kikaacha kuwa kicheko.

Bibi yangu, somo yangu, hakujua hati za kizungu.
Deni lake la unga, duka la Langoni, liliandikwa kwa jina hili,
na siku ya kulipa alisimama palepale
mpaka alione likifutwa.
"Ina ni amana," akisema, hajaondoa jicho kwenye kalamu.

Mkunga nimemjibu kabla ya wote.
Toa dozi kamili, dada. Makala ile si kweli.
Walikuwa arubaini na mmoja. Majina yao siwezi kukupa;
langu hili hapa.
Nikaliandika zima, bila nukta,
nikakaa nalitazama.

Zamu ya Dakta Famau inaanza saa moja.
Ufunguo wa kabati la madaftari, mmoja ninao mimi.
Wa pili anao yeye.