Kanga Hii Haimo

Mkataba una kurasa kumi na tisa.
Niliubeba kwenye mfuko wa rambo kutoka Bahi,
nikausoma mkutanoni hadi koo likakauka.
Malogo alisinzia ukurasa wa nne,
akaamka wa tisa kuuliza: bei gani?

Bei ipo. Miaka mitano, toka korongoni
hadi mkuza wa nguzo za umeme,
vichaka vyote tunavyoviita Ng'ambo
ingawa hakuna mto wa kuvuka, ni mchanga tu.
Imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno,
sifuri isije ikazaa sifuri njiani.

Wanyama wamo: tandala dume, pofu, kanga,
Julai hadi Desemba. Jike aachwe.
Mpangaji atachimba choo, atazima moto wake.
Yote yamechapwa vizuri, nafasi ya muhuri imeachwa.

Lakini mimi Mbeleje, mtunza daftari la kijiji,
Jumatano ile, wiki yao ya kuonja pori,
nilifuatana na mjomba Lechipya kurina.
Mzinga wake wa tatu, juu ya mkwaju, ulikuwa unalia.
Tundu moja mbele, dogo kama jicho la kuku.
Tundu jingine nyuma, pana kama ngumi,
na asali inashuka gomeni, nyeusi kwa siafu.
Mjomba hakusema kitu. Alitia kidole, kikazama.
Akakilamba.
"Tamu," akasema. "Na jana hapa chini
Nyemo alikuwa akiokota ukwaju."

Bwana Temba hakubisha. Mtu mwungwana,
viatu vyake safi kuliko sahani zangu.
"Nilimlenga tandala, nikampata.
Nyuma yake sikutazama.
Hakuna aliyeniambia kuna watu."

Na kweli.
Kurasa kumi na tisa,
hakuna hata mstari mmoja wenye mtu ndani.

Nikaomba kalamu. Kifungu cha ishirini,
kwa mkono wangu, herufi zimelala kushoto:
Jumatano na Jumapili bunduki zilale.
Siku ya kuwinda Chiloleti apige debe alfajiri;
asiyesikia afuatwe kwake.
Njia ya kisimani haipangishwi.
Makaburi ya kina Mwaluko hayapangishwi,
hata kama nyasi zimeyameza na ramani haiyajui.
Kabla ya kufyatua, jiulize: nyuma ya mnyama kuna nini?
Kama hujui, mnyama huyo si wako.

Kijana wa sheria aliyekuja naye akakohoa:
lugha hii si ya kisheria.
Nikamwambia, basi andika wewe, kisheria,
lile tundu la mzinga.

Akaandika "kama ilivyo hapo juu."
Tukatia sahihi. Malogo akatia dole gumba.

Jioni nilichana kanga yangu nyekundu,
ile ya msiba wa mama, maneno yamefifia,
nikafunga vipande kwenye miti ya mpaka,
mmoja baada ya mwingine, hadi kisimani.
Bwana Temba akanishikia ngazi.
Nikamwambia: kanga mwenye mabawa yumo kwenye orodha yako.
Kanga hii haimo.
Ukiiona, bunduki itazame chini.
Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Sasa ni Septemba. Darasa la pili lina bati.
Mbuzi wamekula vipande vinne vya mpaka,
kwa hiyo kila mwezi nachana tena, nafunga tena;
imebaki pindo tu, na mwezi ujao sijui nitachana nini.
Debe la Chiloleti limepasuka, anapiga sufuria.

Fidia ya mzinga mjomba aliikataa.
Alimwambia Temba apande mkwajuni, aweke jicho
kwenye tundu dogo, atazame hadi upande wa pili.
Temba alipanda. Alikaa huko muda.
Alichoona hakusema, nasi hatukuuliza.

Jana nilipita. Tundu dogo
nyuki wameliziba kwa nta.
Lile kubwa wameliacha wazi.
Wanaingilia humo, wanatokea humo.