Maji Yasiyovukika

Hapa hakuna kupwa wala kujaa.
Mwezi hauna kazi na maji haya;
upepo ndio unaoyasukuma.
Ukivuma toka kaskazini yanapanda hadi vizingitini,
ukigeuka yanarudi nyuma
kama mdai aliyekosea nyumba.

Magharibi kuna utepe wa mchanga,
mwembamba hata kulungu mkubwa wa pembe pana kama koleo
anaweza kuinama kunywa upande wetu
na kuisikia Baltiki ikimfokea kisogoni.
Mchanga ule hutembea.
Umemeza vijiji, kanisa na kengele yake,
makaburi pamoja na majina,
bila haraka, kama mtu anayetafuna mbegu za alizeti.

Mashariki, mto Nemuna unafika umechoka,
unanyoosha vidole vyake vya tope,
na baina ya vidole hivyo ndipo tulipojenga.

Sisi tuna majira matano.
Ya tano huja pale barafu
inapokuwa nyembamba mno kwa mguu
na nene mno kwa mashua.
Wenyewe tunayaita šaktarpis.
Usijisumbue kulitafsiri neno hilo.
Kaa nalo wiki tatu bila mkate,
utalielewa.

Shangazi yangu Urtė alibeba barua miaka thelathini na miwili,
kiangazi kwa mashua ya posta,
baridini kwa kigari cha kuteleza.
Kabla ya kukanyaga aliigonga barafu kwa fimbo,
sikio limeinama,
kama unavyogonga tikiti sokoni.
Ikisema *ndi*, pita.
Ikisema *chwa*, rudi nyumbani ukaweke chai.

Mumewe, Endrikis, alikufa Jumanne,
katikati ya majira yale,
na makaburi yako ng'ambo.
Tukamlaza bandani mwa nyavu, mlango wazi,
baridi imlinde.
Nyavu zilikuwa bado zinanuka wale samaki wadogo wa Februari,
wanaonuka tango lililokatwa sasa hivi;
basi msiba wetu wote ukanuka kachumbari,
na mtoto mmoja akacheka,
na hakuna aliyemkemea.

Siku kumi na moja.
Tai wa mkia mweupe alisimama mbali barafuni
kama karani, akiwahesabu mabata.
Fisi maji alipita chini ya miguu yetu:
hatukumwona yeye, tuliona mapovu yake tu
yakisafiri chini ya kioo
kama shanga zilizokatika uzi.
Usiku barafu ilipasuka kwa mlio wa shuka mpya ikichanwa,
na kila mara Urtė aliinuka kitandani,
akasikiliza, akalala tena.

Ya kumi na mbili, Mikelis alisimama omoni na shoka,
akatupasulia njia yadi kwa yadi.
Urtė aliketi kando ya jeneza.
Tulipofika katikati, pale penye kina,
aliligonga kwa kifundo cha kidole, mara moja.
Akainamisha sikio.
Alichojibiwa hakutuambia.

Siku hizi baridi haigandi ipasavyo.
Wanandi hawahami; wamekaa juu ya misonobari
wakiipaka chokaa hadi inakauka.
Daktari anafika Januari, mkate unafika,
na mimi ni wa kwanza kushukuru,
maana nina mtoto mwenye pumu.

Lakini asubuhi ya leo nimemkuta Urtė gatini,
ana miaka themanini na minne na viatu vya mpira.
Usiku ulikuwa umeacha utando, kama wa maziwa yaliyopoa,
na batamaji wawili walikuwa wakiupasua kwa vifua.
Akanyoosha fimbo.
Ikapita moja kwa moja, hadi tope.
Akaivuta, akautazama urefu wa unyevu,
akafuta ncha yake kwa aproni, taratibu,
kama anayemfuta mtu mdomo.

“Haijasema kitu,” akaniambia.
Tukasimama bado.
Mmoja wa batamaji akageuka kututazama,
kisha akaendelea kuvunja.