Tanti Ali

Mwalimu Kanyere aliandika ubaoni herufi mbili, Ta,
namba sabini na tatu,
akasema: Tantali.
Sisi wa nyuma tukasikia Tanti Ali,
tukacheka hadi madawati yakalia,
maana ni shangazi gani huyo mwenye jina la kiume,
na anauza nini pale Birere?

Hakutukemea. Alijifuta chaki kwenye kitenge:
ni jina la mfalme wa Wayunani.
Alisimamishwa majini hadi kidevuni.
Akiinama anywe, maji yanashuka.
Akinyoosha mkono, tawi linapanda na tunda lake.
Hafi. Hanywi.
Na metali hii, aliyeigundua aliitumbukiza katika asidi,
isinywe hata tone,
ndipo akaipa jina la mwenye kiu.

Kwa Kiswahili tusemeje? akauliza.
Mmoja: kumezesha mate.
Mwingine: kurusha roho.
Masika, ambaye mama yake huuza sambaza
na jioni hula sombe tupu,
akasema polepole: kukaa Goma.

Juma la tatu hilo bomba la Ndosho lilikuwa likikohoa hewa.
Nilishuka Kituku na bidoni mbili za njano,
nikaingia ziwani hadi magotini.
Kijana wa klorini akazidunga sindano
kama watoto wa chanjo.
Ziwa halikushuka. Nasema kweli, halikunikimbia.
Lilinipa yote niliyoweza kubeba.
Kilichopanda ni barabara,
mawe meusi ya volkano chini ya kandambili,
na bei ya chukudu.

Jumamosi kaka yangu Nzanzu alirudi kutoka Rubaya,
udongo masikioni,
akaniwekea kiganjani kokoto moja,
nzito kuliko ukubwa wake.
Huyu ndiye shangazi yako, akasema.
Usiku nikaitumbukiza katika kikombe cha maji,
nikakaa macho nione kama ina kiu.
Asubuhi maji yalikuwa palepale.

Miaka ilipita kabla sijasoma nusu ya pili,
ile ambayo mwalimu aliimeza:
kwamba mfalme alimchinja mwanawe,
akampika, akawaandalia miungu mezani.
Hiyo ndiyo iliyomtia majini.
Alijua, Mwalimu Kanyere.
Alitutazama safu kwa safu,
akahesabu wenye kaka mashimoni,
akafuta ubao.

Angalau kule kwao, Tanti Ali,
aliyepika ndiye aliyeshikwa na kiu.
Huku mpishi amekunywa, amefuta mdomo,
na aliye majini hadi kidevuni ni mtoto,
maji ya shimo, msimu wa mvua,
nayo hayakushuka.

Kokoto ya Nzanzu bado iko kikombeni, dirishani.
Kila wiki naongeza maji.
Kila wiki yanapungua kidogo.
Ni jua.
Najua ni jua.