Kati ya Wangapi

Matrah imefungwa. Pale penye mzunguko wa barabara
wamepanga mawe ya saruji, na askari mwenye glavu za buluu
anamrudisha hata muuza mkate.
Mimi niko orofa ya tatu, nyuma ya soko,
na gunia la mchele, kalamu mbili,
na ami yangu Azzan ndani ya simu.

"Asilimia moja," anasema kutoka Sib,
kwenye bustani yake, nasikia maji yakimwagilia ndimu.
"Moja haifiki. Mafua yanaua zaidi.
Gawanya mwenyewe, si mhasibu wewe?"

Nagawanya.
Juu ya mstari naandika waliokufa,
waliosomwa leo kwenye taarifa ya mchana
kwa umri tu, bila jina, kama nguo kwa saizi.
Chini ya mstari kalamu inasita.
Chini ya mstari nimwandike nani?

Rayya anajibu saa tisa za usiku,
yumo garini nje ya hospitali, hajavua viatu,
barakoa imemchimba mfereji juu ya pua.
"Ami, wodini kwangu hakuna asilimia.
Kuna vitanda kumi na vinne
na mtu wa kumi na tano kwenye korido."

Alfajiri ami amekwishaamka na jibu:
"Na njaa mnaihesabu? Na kodi?
Maduka wiki ya tano makufuli.
Asiyekufa kwa kikohozi atakufa kwa deni."

Hapo, Mungu anisamehe, nanyamaza.
Vitabu vya maduka tisa viko mezani kwangu
na vyote tisa vinavuja.

Bi Ghaniya anatuma picha ya tangawizi,
kisha dua, kisha sauti yake ya Unguja
ambayo miaka hamsini ya Maskati haikuikausha:
"Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Na nyie mwaficha kwa hesabu."
Hakuna aliyemjibu. Ami alituma kidole gumba.

Sasa nisikilizeni mimi.
Kuna mtu anaitwa Shafiqul.
Lifti yetu imekufa tangu mwaka juzi,
kwa hiyo maji ninayokunywa
yamepanda ngazi sitini na mbili begani kwake.
Chumba chao wamo kumi na wawili, vitanda sita:
wa usiku akiinuka, wa mchana analala
kwenye joto la mwenzake.
Tangu Alhamisi hajaja.

Ikiwa ameugua akapona, na wakampima,
anaingia chini ya mstari,
kifo kinapungua, ami anashinda.
Ikiwa amekufa hajapimwa,
juu ya mstari hayupo. Ami anashinda.
Ikiwa amelala tu, homa imemfunika,
anawasikiliza kumi na mmoja wakikohoa
na hakuna aliyegonga mlango ule na kijiti cha pamba,
basi hesabu zetu zote, ami, yangu na yako,
ni za watu wenye milango.

Nilirekodi maneno haya. Sikuyatuma.

Jumapili, hodi.
Dumu la maji, na nyuma yake kijana nisiyemjua,
kitambaa cha kilemba mpaka machoni.
"Shafiqul wapi?" nauliza kwa Kiarabu,
nauliza kwa Kihindi changu cha sokoni.
Anainua mkono.
Ungeweza kuwa upande wa vizuizi,
upande wa hospitali, uwanja wa ndege,
au juu tu.

Nampa riali mbili, deni la madumu manne.
Anazitazama. Anarudisha moja,
anarudisha na ya pili,
anaziweka juu ya kizingiti kama vitu vya moto.
"Za Shafiqul," anasema, "si zangu,"
na anashuka, ngazi sitini na mbili, nazihesabu.

Mezani simu inatetemeka.
Ami ana takwimu mpya, za Italia.
Nafungua kitabu, ukurasa mtupu,
naandika: *Shafiqul, riali mbili,*
na mstari wa kufungia hesabu
siupigi.