Kiatu cha Kushoto

Mimi ni fundi wa piano. Hapa Toruń wananijua:
uzi ukilegea unene wa unywele
naung'amua nikiwa bado mlangoni, sijavua koti.
Basi nani anieleze
nilikaaje miezi minne na binti yangu
nisisikie.

Kila asubuhi, saa moja na nusu,
Jagna anarusha kiatu.
Cha kulia anakivaa bila neno.
Cha kushoto ndicho kinachoruka,
kinapiga ukuta, kinaangusha kofia ya bibi yake,
na kooni mwangu inapanda sauti isiyo yangu.
Naijua ni ya nani.
Ni ya Ludomir, baba yangu,
aliyefungua mkanda kabla ya kufungua mdomo.

"Umemdekeza," anasema mama mkwe, akiokota kofia.
"Udongo uwahi ungali maji."
Sikumjibu.
Ila udongo, mama, hauna masikio.

Jumanne ile theluji iliziba barabara
na mteja wa Bydgoszcz akaahirisha.
Kiatu kikaruka.
Sikuwa na pa kukimbilia, nikaketi sakafuni.
Sikuuliza kwa nini. Neno hilo nilikuwa nimelipigilia
mara arobaini, na misumari haileti majibu.
Nikavua changu cha kushoto, nikakiweka kando ya chake.
Tukakaa.
Bomba la joto likakohoa. Chai ikapoa.

Kisha, kwa sauti ndogo, akiutazama mlango:
"Taa inalia."

Taa gani?
Nikaweka sikio kwenye ubao.
Kule nje, juu ya ngazi, mwanga mweupe wa mrija
ulikuwa ukizomea, mwembamba, mkali,
juu kidogo ya noti yoyote ninayoijua,
sauti niliyokuwa nikiipita kila siku
nikiwa na mkoba wa vifaa vya kusikilizia.

Na kiatu cha kushoto ndicho cha mwisho.
Kikishavaliwa, mlango hufunguliwa.

Bwana Wieńczysław, msimamizi wa jengo,
alichukua wiki tatu kubadilisha mrija.
Tukashuka gizani, tukihesabu vidato kwa vidole.
Bibi akafuma kofia mpya yenye masikio manene,
akaniambia ni kwa ajili ya baridi.
Mwalimu Radosława akahamisha dawati lake
mbali na projekta, wala hakudai cheti cha daktari.

Sauti ya Ludomir haijahama.
Juzi niliimeza nusu, nusu ikatoka,
nikamwomba radhi mtoto wa miaka sita.
Maneno yalikwama kama mwiba wa samaki.
Akanipigapiga mgongoni, jinsi tunavyompigapiga yeye.

Leo Alhamisi. Taa mpya, kimya kabisa.
Kiatu kimeruka.

Nimeketi sakafuni.
Bado sijajua ni nini leo.