Zana: Hakuna

Usiku wa kuamkia somo la kukaguliwa
nilikata manila nne, mbili za kijani,
nikachora mti, mizizi yake, matone ya mvua,
asubuhi nikateremka Moshi mjini
kuipiga laminesheni karibu na Mnara wa Saa.
Elfu tatu na mia tano.
Ikang'aa kama sahani ya harusi.

Andalio lilikuwa safi.
Mada: utunzaji wa vyanzo vya maji.
Utangulizi dakika tano,
maarifa mapya kumi na tano,
umahiri ujengeke kabla ya kengele.

Mkufunzi Mwakatobe alibanwa na dawati la nyuma,
fomu mapajani, kalamu nyekundu wazi.

Nikauliza: tufanyeje maji yasikauke?
Wakaitikia kwa sauti moja: tupande miti, mwalimu!
Nikafurahi. Ndivyo nilivyoandika.

Aikande, sweta limetoboka kiwiko,
alinyoosha kidole na hakukishusha.
"Mwalimu, ukimaliza mazoezi,
hiyo chati inakwenda wapi?"

Darasa zima likageukia dirishani.
Nami nikageuka.

Nyuma ya vyoo, shimo.
Tulitoka wote arobaini na sita.
Sehemu za ua, zimeungua nusu.
Wanyama wafugwao, ng'ombe amebaki pembe.
TUTUNZE MAZINGIRA, kwa herufi za mviringo,
nailoni imeyeyuka ikaganda
kama uji uliosahauliwa jikoni.
Walionitangulia, wote wazuri wa mwandiko.

Chini ya shimo kuna mteremko,
chini ya mteremko, mfongo,
uliochimbwa na babu zao kwa majembe ya mti
kabla Uru haijajua chaki.
"Jumanne ni zamu yetu," Aikande akasema.
"Masika baba huweka chandarua pale,
anachuja karatasi zenu,
maji yaende kwenye migomba."

Karatasi zenu.

Mimi wa Manyoni,
niliyekua nikipanga ndoo foleni saa tisa za usiku,
nimepanda hadi kwenye mlima unaotiririka
kuuletea taka, tena kwa nauli yangu.
Miaka miwili chuoni nimefanya mitihani ya mazingira,
nimetaja athari sita, nimefafanua nne.
Shimo la chuo liko wapi?
Sijawahi kuuliza.

Mkufunzi aliinama, suruali ikagusa matope,
akavuta chati moja kwa ncha ya kalamu.
Mzunguko wa maji, mishale ya bluu.
"Hii niliipa tisini," akasema,
si kwangu, wala si kwa watoto.
Akaiegemeza kwenye ukuta wa choo,
akaitazama muda mrefu,
hata kengele ya hesabu ikalia na hakusikia.

Fomu aliijaza vilevile.
Zana: hakuna.
Hatua za somo: hazikufuatwa.
Muda: umezidi.
Hamsini na mbili.
Kwenye Maoni ya Mkufunzi
aliandika neno, akalikata,
akaandika jingine, akalikata nalo.
Nimelielekeza taani mara nyingi,
sioni ila wino.

Mazoezi yamekwisha wiki ya tatu sasa.
Chati yangu iko chini ya kitanda, bwenini.
Haikunjiki, hailoani, panya wameikataa.
Kila nikifagia naisogeza,
nafagia,
nairudisha.